Jezi ya Akinfenwa na cheti chake cha dhahabu

Nianze na bei, maana najua wengine mtasoma hapo tu mkimbie. Pauni 45, na pauni 4 za posta. Jezi ya nyumbani ya Wycombe Wanderers, klabu ya mpira ya hapa Uingereza, mtumba, saizi XXXL, mgongoni jina la mchezaji wao wa zamani, AKINFENWA, na namba 20 chini yake. Nimeinunua kwenye duka la mtandaoni linalouza jezi za zamani. Duka silitaji, kwa sababu tulizozana tukamalizana na hela kidogo ikarudi. Ila yaliyotokea nayasema.

Kwanza mnijue ninayeandika. Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, huu mwaka wa tisa naishi hapa High Wycombe, na kazi yangu ni kusambaza vifurushi kwa gari, zamu ya usiku. Uzito wangu kilo 112. Mama yangu aliuza mitumba miaka zaidi ya ishirini, utoto wangu nimelala mchana juu ya mabelo nikisubiri afunge meza. Kwa hiyo nguo iliyotoka mwilini mwa mtu mwingine hainipi kinyaa, na anayetaka kunidanganya kwenye mtumba ajipange.

Sababu ya kuitafuta jezi hii hasa ni tumbo. Jezi za siku hizi zinashonwa kwa ajili ya watu wenye mbavu za kuhesabika. Unavaa XXL ya timu kubwa, inakubana kifuani, inaishia kitovuni, unaonekana kama soseji iliyopasuka. Nikajiambia, kama kuna mchezaji mmoja Uingereza nzima ambaye jezi ya jina lake haiwezi kuuzwa kwa wembamba peke yao, ni Adebayo Akinfenwa. Zaidi ya kilo 100 na alikuwa akicheza kila wiki. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu wanamjua hata kabla hawajajua anacheza timu gani: yule bonge wa gemu ya FIFA mwenye nguvu 97, ambaye ukimgonga unaanguka wewe. Mdogo wangu kule Tanga alikuwa akimnunua kila msimu, anamweka mbele peke yake, na wenzake wanamwita mchawi.

Tangazo lilisema "imevaliwa", basi. Imevaliwa na nani halikusema, na mimi sikuuliza. Ilikuwa saa kumi alfajiri, nimetoka kazini, macho yanawaka, nikabonyeza nikalala.

Kifurushi kilifika siku ya nne. Kama mtu wa vifurushi nasema kilifungwa vizuri: mfuko wa nailoni ndani, karatasi ngumu nje, anwani imechapwa inasomeka. Hapo sina neno. Nilipofungua, harufu ya manukato ikanipiga usoni kama nimefungua sanduku la bi harusi. Mama alinifundisha kwamba nguo ya mtumba ikinukia sana kuna kitu inakificha. Nikaanza kuwa na wasiwasi.

Chini ya jezi kulikuwa na karatasi ngumu yenye ukingo wa dhahabu na muhuri mwekundu. Cheti. Kinasema jezi hii ilivaliwa na Akinfenwa mwenyewe kwenye fainali ya mchujo wa kupanda daraja, Wembley, tarehe 13 Julai 2020, na baada ya filimbi ya mwisho akaivua akamrushia shabiki aliyekuwa mstari wa mbele jukwaani. Shabiki mwenyewe, eti, ni binamu wa mwenye duka.

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Wembley siku ile ilikuwa tupu. Korona. Viti elfu tisini na hakuna shabiki hata mmoja wa kurushiwa kitu. Mimi mwenyewe niliitazama fainali ile sebuleni, nikazima ile sauti ya mashabiki ya kubandikwa, nikawa nasikia makocha wanavyopiga kelele na mpira unavyolia ukipigwa. Ligi ilikuwa imesimama tangu Machi, timu zikapangwa kwa wastani wa pointi kwa mechi, na Wycombe waliokuwa wa nane wakajikuta wa tatu, wakaingia mchujo. Wakawafunga Oxford United 2-1, penalti ya Joe Jacobson kipindi cha pili, na klabu iliyoanzishwa 1887 ikapanda Championship, daraja la pili, kwa mara ya kwanza. Baada ya mechi Akinfenwa akasema kwenye televisheni kwamba mtu pekee anayetaka amtafute WhatsApp ni Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati ule, maana Akinfenwa ni shabiki wa Liverpool na Liverpool walikuwa wametoka kubeba ubingwa. Klopp akamtumia video ya pongezi kweli. Yote hayo yalikuwapo siku ile. Binamu hakuwapo.

Nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimenunua jezi. Wameniambia ilivaliwa na mchezaji uwanjani. Nataka uniangalizie."

"Nionyeshe kwapa."

Hakutaka kuona jina wala namba wala nembo. Kwapa. Nikaigeuza ndani nje, nikasogeza simu. Akaniambia niende dirishani kwenye mwanga. Kwapa lilikuwa safi, mshono umenyooka, kitambaa hakijakakamaa. "Kwapa halisemi uongo," akasema. "Haya, pindo." Pindo la chini halikuwa limevutwa wala kulegea. Sasa hapo hata mimi niliyemwona Akinfenwa kwa macho nilijua. Kazi ya yule mtu uwanjani ilikuwa kupokea mpira mrefu huku mgongo umempa beki, na beki anamng'ang'ania jezi dakika tisini kama mtoto anayetaka kubebwa. Jezi yake ya mechi ingekuwa na pindo kama mdomo wa ndoo. Hii ilikuwa kama ya mtu wa kwaya.

"Kola," mama akaendelea. Kola ilikuwa imepauka upande wa nyuma, jua na shingo. "Mbele, tumboni." Nikasogeza simu, na hapo akanyamaza. Tumboni kuna mkanda, upana wa vidole vinne hivi, unaokwenda kutoka ubavu hadi ubavu, ambapo kitambaa kimesuguliwa mpaka kimeota vinyweleo. Sehemu nyingine zote ni laini. Karibu na mkanda huo, kushoto, doa la kahawia ukubwa wa senti. Mama akalitazama kwa muda, akasema, "Huyu aliyeivaa hakukimbia. Huyu alisimama. Alikuwa akiegemea kitu."

Mimi najua alichoegemea. Adams Park, uwanja wa Wycombe, uko mwisho kabisa wa barabara ya Hillbottom, umepita karakana na maghala, nyuma yake kilima chenye msitu. Nyuma ya goli moja kuna jukwaa la kusimama, saruji yenye ngazi na vyuma vya kuegemea. Wiki hadi wiki watu walewale wanashika chuma kilekile, na chuma kinawafika pale pale, tumboni. Doa lile ni mchuzi wa paja la kuku au ni sosi ya kahawia ya pai, sijapata jibu, limekataa sabuni mbili.

Kwa hiyo muhtasari wa uchunguzi: jezi ni halisi ya klabu, ilivaliwa kweli, na aliyeivaa alikuwa shabiki mwenye mwili kama wangu. Nikaweka picha ya ile fainali kando yake, nikakuta hata kola na maandishi ya mdhamini kifuani havifanani. Ni jezi ya msimu mwingine kabisa.

Sasa niwaambie kilichoniuma kuhusu kile cheti. Uongo nimeuzoea, hata sisi sokoni tulikuwa tunasema "hii ya Italia" wakati lebo yenyewe imekatwa. Kilichoniuma ni kwamba mwandishi wa cheti, katika maisha yote ya yule mtu, aliona siku moja tu ndiyo inauzika. Wembley. Kana kwamba siku nyingine zote alikuwa amelala.

Huyu mtu kazaliwa Islington, London, mwaka 1982, wazazi Wanigeria. Akapita vijana wa Watford, na mwaka 2001, bado kijana mbichi, akaenda kuanza kazi Lithuania, klabu ya Atlantas. Kule mashabiki walimwimbia nyimbo za kibaguzi, na bado alikaa misimu miwili. Aliporudi, msimu wa 2003/04 peke yake alivaa jezi za klabu tano: Barry Town kule Wales, kisha Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Tano! Mimi nikibadilishiwa gari mara mbili kwa wiki nampigia simu msimamizi. Halafu Torquay. Halafu Swansea, ambako alifunga bao la kwanza la ligi kwenye uwanja wao mpya, Agosti 2005, dhidi ya Tranmere, na mwaka uliofuata akafunga kwenye fainali ya kombe la ligi za chini waliyowafunga Carlisle, kisha mwezi Mei akakosa penalti kwenye fainali ya mchujo na Barnsley wakapanda badala yao. Akavunjika mguu. Millwall kidogo. Northampton, Gillingham, Northampton tena, Gillingham tena, kama daladala ya ruti moja.

Tuelewane kuhusu haya madaraja, maana majina ya Waingereza yanapotosha. League One ni daraja la tatu na League Two ni la nne. Ukikaa huko, mkataba wako mara nyingi ni wa mwaka mmoja, miwili ukibahatika, na msimu ukiisha klabu inatoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Jina lako lisipokuwa upande wa kubaki, unatafuta kazi kama mimi na wewe. Mwaka 2016 Akinfenwa yuko AFC Wimbledon, ile klabu iliyoundwa na mashabiki 2002 baada ya timu yao ya zamani kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amewafunga Liverpool bao kwenye Kombe la FA, ingawa Steven Gerrard wa Liverpool alifunga mawili na kuharibu sherehe. Sasa, tarehe 30 Mei, fainali ya mchujo wa League Two, Wembley, dhidi ya Plymouth. Dakika za nyongeza penalti inatoka. Kuna mabishano ya nani apige, yeye anashikilia mpira, anapiga, 2-0, Wimbledon wanapanda. Anasogezewa kipaza sauti, na badala ya kusema mambo ya ndoto na kumshukuru kila mtu, anatangaza kwamba kwa sasa hana kazi, makocha wamtafute WhatsApp. Ana miaka 34, ametoka kufunga Wembley, na kesho yake hana mwajiri.

Ndipo alipokuja hapa kwetu, kwa kocha Gareth Ainsworth, akakaa misimu sita. Zaidi ya mabao 200 katika maisha yake ya mpira, nyingi ya hizo ni Jumamosi za baridi na Jumanne usiku, kwenye viwanja ambavyo gari la vifurushi linapita bila kupunguza mwendo. Mechi ya mwisho ilikuwa Wembley nayo, 21 Mei 2022, fainali nyingine ya mchujo, Sunderland wakashinda 2-0. Alikuwa ametimiza miaka 40 siku kumi na moja tu nyuma.

Ukiniuliza, cheti cha maana kingeandikwa: ilikuwapo mvua inanyesha, tumetoka sare na watu ambao hata majina yao hamyajui. Hicho ningekilipia.

Turudi kwa muuzaji. Niliwaandikia barua pepe fupi, nikaambatanisha picha ya fainali, nikauliza swali moja: huyo binamu aliingiaje uwanjani siku ambayo mashabiki wote walizuiwa? Siku mbili kimya. Siku ya tatu jibu: vyeti vyao hutolewa kwa nia njema kutokana na maelezo wanayopewa. Nikauliza tena, maelezo ya binamu au ya nani? Wakasema huenda ni mechi nyingine. Nikauliza ipi. Wakanipa kuponi ya kupunguziwa asilimia kumi nikinunua tena. Yaani umeuziwa mbuzi kwenye gunia, unalalamika, unaambiwa basi chukua na gunia la pili kwa bei poa.

Hapo nikawakumbusha kwa upole kwamba sheria ya haki za mlaji ya hapa, ya mwaka 2015, inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na kwamba maelezo waliyaweka wenyewe kwenye karatasi yenye dhahabu. Wakabadilika. Wakatoa chaguo mbili: nirudishe jezi wanirudishie yote, au nibaki nayo wanirudishie pauni 20. Nikachukua pauni 20. Hela iliingia siku ileile, hilo niwape haki yao. Wakaomba pia niwarudishie cheti. Nikawaambia nimekipoteza. Kipo chooni, nimekibandika juu ya tangi la maji, na wageni wakitoka humo hutoka wanacheka.

Sasa jezi kama jezi, maana ndicho mnachotaka kujua kama mnataka kununua ya namna hii.

Saizi: XXXL ya kweli. Naivaa juu ya sweta na bado nainua mikono bila kuonyesha mkanda wa suruali. Mabega yamekaa pale pale. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nimevaa jezi ya mpira na hakuna aliyeniuliza kama ni ya mdogo wangu. Rangi ni ile yao ya vipande vinne, bluu ya mawingu na bluu iliyokoza, na bado haijafifia isipokuwa pale kolani.

Kitambaa kinapumua vizuri, ila ni kitambaa cha jasho, si cha baridi. Januari usitoke nayo peke yake ukajifanya shujaa. Herufi ndiyo udhaifu. A ya mwisho ya jina ilikuwa imeinuka pembe moja, na baada ya kuifua mara ya pili ikaanza kupepea, nikawa natembea mjini na AKINFENW. Mama akanielekeza: geuza, weka kitambaa cha pamba juu, pasi ya vuguvugu, kandamiza uhesabu hadi kumi na tano, inua, usiburute. Imeshika, na sasa ni mwezi wa tatu. Msiifue kwa maji ya moto wala msiiweke kwenye mashine ya kukausha, hizo herufi ni gundi tu. Ianikeni kivulini.

Harufu ya manukato iliondoka baada ya kulala usiku mmoja kwenye maji na siki. Nyuma yake kulikuwa na harufu hafifu ya moshi wa sigara na kitunguu cha kukaanga. Niliiacha. Nayo ikaondoka yenyewe.

Niliivaa uwanjani mara ya kwanza Jumamosi moja, nikasimama jukwaa la vyuma. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaitazama sana, akaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia. Akauliza kama ina doa kushoto. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema si yenyewe, ya kwake ina doa kulia na mkewe aliitoa kwa duka la hisani. Tukatazama mpira.

Jezi naipa nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa ajili ya ile A. Ufungashaji na usafirishaji tano. Uaminifu wa muuzaji mbili, moja kati ya hizo ni kwa kurudisha hela haraka. Kwa pauni 29, posta ikiwa ndani, ningenunua tena kesho.

Juzi nimepita tena dukani kwao. Kuna jezi nyingine ya namba 20, ya ugenini, pauni 60, na cheti kimepigwa picha kando yake. Safari hii kinasema ilivaliwa fainali ya mchujo Wembley, Mei 2018. Mwaka 2018 Wycombe walipanda moja kwa moja bila kugusa mchujo, kazi waliimalizia Aprili kwenye uwanja wa Chesterfield. Nimewaandikia.